Lugha ya Kueleweka na Lugha ya Kuchuja

Iyula ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako mibuni na mahindi hugawana udongo mmoja. Hadi mwaka 2016 ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mwaka huo Mkoa wa Songwe ukazaliwa, na Iyula ikabadili mkoa bila ya mtu wake mmoja kuhama. Ndivyo mambo mengi ya mahali hapo yalivyokuja, yakiamuliwa mbali na kupokewa nyumbani.

Elimu nayo ilikuja hivyo hivyo. Mtoto wa Kinyiha huzaliwa katika lugha ya mama yake. Akienda shule ya msingi hukuta Kiswahili. Akiufaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi huvuka kizingiti kingine, na hapo hukuta Kiingereza. Lugha tatu kabla ya ndevu kuota, na hakuna hata moja kati yake iliyoingia darasani, au kutolewa humo, kwa bahati. Kila moja ililetwa au ilifukuzwa na utawala uliokuwa na haja yake. Kwa hiyo anayetaka kujua namna siasa inavyoiumba elimu, tangu muhtasari wa darasa la kwanza hadi mhadhara wa chuo kikuu, hana haja ya kuanza na hotuba za wakubwa. Aanze na swali dogo: mwalimu alisema kwa lugha gani, na kwa nini?

Wa kwanza kufungua madarasa katika nchi ya Wanyiha walikuwa Wamoravia kutoka Ujerumani. Mwaka 1899 walianzisha misheni ya Mbozi, na mtu wake mkuu akawa Traugott Bachmann. Bachmann alijifunza Kinyiha, akakiandika, akakitafsiria Agano Jipya, nalo likachapishwa mwaka 1913. Haja yake ilikuwa roho za watu, na mwenye kutafuta roho hawezi kuridhika na kichwa kinachoitikia kwa heshima bila ya kufahamu. Alitaka kueleweka, basi akaifuata lugha ya msikilizaji.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa na haja nyingine. Ilihitaji makarani, wakalimani na maakida watakaosoma barua ile ile Tanga na Tukuyu. Shule ya Serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1890, ilitoa watu hao kwa Kiswahili. Hivyo tangu siku za awali pande hizo zilisikia sauti mbili: Kinyiha cha kanisa na Kiswahili cha boma. Vita vilipofika mwaka 1916 wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, na misheni ikabaki na Wakristo wake wenyeji. Kitabu cha Kinyiha hakikuondolewa na askari. Kiliondolewa darasani baadaye, polepole, na makabati ya Idara ya Elimu.

Waingereza walirithi koloni lililokwisha kuzoea Kiswahili, wakaona faida ya kutoivunja desturi hiyo. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata London ikatoa waraka wake wa sera ya elimu kwa makoloni ya Afrika: elimu ilingane na mazingira ya mwenyeji, serikali isaidie shule za misheni, na kwa msaada huo izisimamie. Aliyepokea ruzuku alipokea na mkaguzi. Mkaguzi alikuja na muhtasari, na muhtasari uliandikwa kwa Kiswahili.

Kiswahili kipi? Hapa visiwa viliingia katika habari ya Iyula. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Lafudhi ya mitaa ya Mji Mkongwe, iliyosafishwa na kunyooshwa na wageni mezani, ikawa sarufi ya mtoto wa Mbozi ambaye hakuwahi kuiona bahari. Ni heshima kubwa kwa Unguja, lakini heshima hiyo haikutolewa kwa mapenzi. Koloni lilihitaji lugha moja ya kuchapia kitabu kimoja, kwa gharama ndogo.

Jengo lililosimamishwa lilikuwa na ghorofa. Chini kulikuwa na madarasa ya mwanzo, kwa Kiswahili, yenye hesabu, dini, usafi na kilimo. Juu kulikuwa na Kiingereza, na juu hakukufikiwa na wengi. Shule zenyewe zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na mafungu yake ya fedha. Karibu na Wanyiha wenyewe walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba ya kahawa, na palihitajika mikono mingi kuliko makarani. Kiswahili kikawa lugha ya kuwaeleza wengi wajibu wao, na Kiingereza lugha ya kuwapata wachache watakaowasimamia. Desturi hii ya kuzigawia lugha kazi mbili ndiyo urithi mzito kuliko yote ulioachwa, na ndiyo iliyoishi muda mrefu baada ya bendera kushushwa.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 watoto waliokuwa shule za msingi hawakufikia 500,000 nchi nzima. Serikali mpya iliiunganisha mifumo ya rangi kuwa mmoja. Ng'ambo ya maji, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo mwaka 1964. Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Julius Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa nyofu. Elimu iliyorithiwa iliwaandaa wachache kuondoka kijijini na kuwadharau waliobaki. Elimu ya msingi haina budi kuwa kamili yenyewe, kwa kuwa wengi wa watoto wataishia hapo na kuishi maisha ya mkulima. Shule iwe na shamba, na mtihani ushushwe kutoka katika kiti chake cha enzi. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali.

Katika kijiji cha mibuni maneno hayo yalipokewa kwa nyuso mbili. Mzazi alifurahi kuona Serikali inajenga darasa karibu naye. Lakini jembe lilikuwapo nyumbani siku zote, na mzazi hakumtuma mtoto shule ili akalishike tena huko. Alimtuma kwa sababu aliwaona waliosoma wakiwa na mshahara ambao haukungoja mvua wala bei ya buni. Waraka ulisema elimu ya msingi ni kamili. Mtihani wa darasa la saba ulisema ni mlango. Mzazi alizisikia sauti zote mbili, akaamini ule mtihani, kwa sababu ndio uliobadili maisha ya mtu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977, na hapo ndipo taifa lilipofanya kazi ambayo mataifa tajiri zaidi hayakuithubutu. Vijiji vilijenga madarasa kwa nguvu zao. Vijana waliomaliza darasa la saba walikusanywa kwa makumi ya elfu, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa mikutano ya kila wiki, kwa masomo ya posta na kwa redio. Watu waliwaita walimu wa UPE, wengine kwa shukrani na wengine kwa kejeli. Kufikia mwaka 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi 3,000,000. Watu wazima nao waliingia madarasani jioni, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya vijijini kuzunguka redio wazungumzie maji, vyoo na malaria. Yote hayo yalifanywa kwa Kiswahili. Isingewezekana vinginevyo, kwa maana Serikali ilitaka kueleweka.

Ushahidi wenyewe umo katika shule za sekondari za wakati huo. Mwaka 1969 Wizara ilionyesha nia ya kuhamisha masomo ya sekondari kwenda Kiswahili, moja baada ya jingine. Lililohama kwanza ni Siasa, na baada yake Maarifa ya Nyumbani. Historia, Hisabati, Kilimo na sayansi zilibaki zikingoja mlangoni. Kuna maana katika mpangilio huo. Somo ambalo Serikali ilitaka liingie moyoni mwa kijana, lile la ujamaa na kujitegemea, lilipewa lugha anayoifahamu. Masomo ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupima nani aendelee na nani arudi shambani yaliachwa katika lugha ya wachache.

Chuo kikuu kilipita katika tanuru hilo hilo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Kuzaliwa ndani ya nyumba ya chama ilikuwa dalili. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakipinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais akawafukuza kwa mamia. Miezi michache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na chuo kikaulizwa hadharani kinamtumikia nani. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha taifa, na elimu ya maendeleo ikawa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, hata wa uhandisi.

Ilikuwa miaka ya moto wa fikra. Walter Rodney alifundisha historia hapo, na kitabu chake juu ya Ulaya na kudumaa kwa Afrika kilitoka mwaka 1972. Hata hivyo siasa iliyokipa chuo uhai iliweka na mipaka yake. Jumuiya ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, na jarida lake Cheche vilipigwa marufuku mwaka 1970, ingawa walichokidai ni ujamaa ule ule, kwa sauti ya juu zaidi. Azimio la Musoma likaagiza kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali afanye kazi kwanza na apate sifa njema kutoka kwa mwajiri na chama. Mwaka 1978 wanafunzi walioandamana kupinga marupurupu ya viongozi walirudishwa makwao kwa mamia. Chuo kiliruhusiwa kuukosoa ubeberu wa mbali kuliko upendeleo wa karibu.

Katikati ya mambo hayo ulifanyika mtihani mmoja uliofaulu kimyakimya. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianza kufundisha Kiswahili kwa Kiswahili hadi ngazi ya shahada. Mwishoni mwa muongo ule Penina Mlama na May Matteru, katika utafiti walioufanya kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, wakaonyesha haja ya kukitumia Kiswahili katika elimu ya juu, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakikariri Kiingereza wasichokielewa. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Istilahi zilikuwapo au zilikuwa zikiundwa. Hoja ya umaskini wa lugha ilikuwa imeanza kuchakaa.

Ndipo ikaja Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta. Ripoti yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na chuo kikuu kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990. Serikali ilikubali mengi ya ripoti hiyo, lakini hilo ililikataa. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, akiba ya fedha za kigeni imekwisha, na mazungumzo na wakopeshaji yalikuwa magumu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakakuta kwamba hakitoshi kufundishia. Mtu angetarajia waseme basi lugha ibadilishwe. Shauri lao likawa Kiingereza kiongezewe nguvu, na mradi wa fedha za Uingereza ukaanza mwaka 1987, pamoja na vitabu vyake.

Aliyekuwa Ikulu wakati pendekezo la Makweta linakataliwa ni Nyerere mwenyewe. Ni mtu yule aliyemtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akithibitisha kwa kalamu yake kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba uhaini wa Roma na mizani ya wafanyabiashara wa Venisi. Haiwezekani kudai kwamba hakuiamini lugha. Aliamini pia kwamba watoto wa nchi maskini wakinyimwa Kiingereza watafungiwa ndani. Ni hofu ya kuheshimiwa. Lakini kuifundisha lugha ni jambo moja, na kufundishia kwa lugha ni jambo jingine, na sera ilizifunga kamba moja. Mtoto aliyetakiwa ajue Kiingereza alilazimishwa ajue na baiolojia kwa Kiingereza kabla hajakijua, akakosa vyote viwili.

Katika miaka hiyo ya 1980 waliopata nafasi katika sekondari za Serikali hawakufikia 10 katika kila wahitimu 100 wa darasa la saba. Nafasi ziligawiwa kwa mikoa ili maeneo yaliyokuwa nyuma nayo yapate. Watu wa sehemu za kahawa, Kilimanjaro, Kagera na nyanda za juu za kusini, hawakungoja. Walichanga, wakajenga sekondari zao. Nguvu ya wananchi ilipasua dari iliyowekwa na wapangaji. Siasa ya vyama vingi ilirudi mwaka 1992, somo la Siasa likageuka Uraia, na michango na gharama zikarudi mlangoni mwa mzazi hadi ada ya shule za msingi ilipofutwa tena mwaka 2001.

Kisha zikaja shule za kata. Kuanzia mwaka 2006 kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake, na kwa miaka michache mlango uliokuwa tundu la sindano ukawa lango. Ni tendo kubwa, na wasichana wengi wa vijijini wasingeiona hesabu ya kidato cha kwanza bila yake. Lakini lango lilipanuliwa na kizingiti kikaachwa pale pale. Majengo yaliwatangulia walimu, maabara na vitabu, na wote walioingia walipokewa kwa Kiingereza ambacho shule ya msingi ilikuwa imewagusisha tu kama somo. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Nchi ilishtuka. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa, na Mei yakapangwa upya kwa kipimo kingine. Baadaye madaraja yalibadilishwa, na mwaka 2016 yakarudishwa ya zamani. Mizani iliguswa mara mbili katika miaka mitatu. Kilichotiwa ndani ya mizani, yaani mtoto asiyeilewa lugha ya swali, hakikuguswa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitangaza kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo ikasema Kiingereza nacho kitaendelea kutumika. Toleo lake la mwaka 2023 lilirefusha elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kukiacha Kiingereza sekondari. Katika mtaala mpya liliingizwa somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Anayeikumbuka Siasa ya mwaka 1969 hatashangaa. Chama kilibadilika, uchumi ukabadilika, marais wakapokezana, na kanuni haikubadilika: linalotakiwa kueleweka husemwa kwa Kiswahili.

Si kwamba njia nyingine hazipo karibu. Kutoka Iyula barabara kuu huteremka hadi Tunduma, na hatua chache mbele ni Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka huo. Baada ya sheria ya elimu ya Zambia ya mwaka 1966 mtoto wa Kinyamwanga wa upande ule alianza darasa la kwanza kwa Kiingereza, na binamu yake wa upande huu akaanza kwa Kiswahili. Mababu ni wamoja, mvua ni moja, ila bendera zilikuwa mbili. Mwaka 2014 Zambia iligeuka, ikaamuru lugha za Kizambia zitumike katika madarasa ya mwanzo. Visiwani nako, katika nyumba aliyozaliwa Kiswahili sanifu, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ile lugha ambayo Unguja iliikopesha Mbozi, Unguja yenyewe ikaanza kuivua mapema zaidi.

Na Kinyiha je? Kinasemwa sokoni, msibani na mashambani wakati wa kuchuma buni. Shuleni hakina kiti. Umoja wa taifa ulilipiwa kwa ukimya wake, na huenda wazee wengi wakiulizwa watasema bei hiyo ilistahili, kwa kuwa Tanzania haikuvunjika kwa makabila kama majirani zake wengine. Lakini deni lililolipwa mara moja halistahili kudaiwa mara mbili. Mtoto wa Iyula alikwisha kuiacha lugha ya mama yake mlangoni ili aingie katika taifa. Kumwambia baada ya miaka michache aiache na lugha ya taifa ili aingie katika elimu ni kumlipisha ushuru katika kila daraja analovuka, naye ndiye mwenye mfuko mwepesi kuliko wote. Wenye uwezo hawaulizwi ushuru huo, kwa maana watoto wao huanza na Kiingereza tangu chekechea.

Bachmann alikwenda Mbozi kutoka mbali, akakuta watu wenye lugha yao, akaketi kujifunza. Alikuwa na haja yake, na haja ile ilimlazimisha ajue kama alieleweka au hakueleweka. Kila utawala uliomfuata ulikuwa na kipawa hicho ulipokitaka: katika ushuru, katika kampeni, katika kura, katika malaria. Sekondari na chuo kikuu ndiko walikokiweka kando. Siku taifa litakapoitaka fizikia iingie kichwani mwa mtoto wa mkulima wa kahawa kwa bidii ile ile lililoitaka siasa iingie, lugha ya kuifundishia haitahitaji tume. Itajulikana, kama ilivyojulikana mwaka 1969.